Dawa ya kifafa isikatike

Ninachotaka kusema ni kimoja. Zahanati inapokosa dawa ya kifafa, hata kwa wiki mbili, kuna mtu ataungua, atazama au atakufa kwa sababu hiyo, na hakuna karatasi itakayosema kuwa chanzo chake ni ukosefu wa dawa. Itaandikwa kuwa ni ajali ya moto. Au watu watasema ni kazi ya Mungu, na matanga yatapita.

Naandika kutoka Mbesa, wilayani Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mganga. Kifafa nimekijua kwa sababu mdogo wangu wa kike anacho tangu akiwa darasa la pili, na leo ni mama wa watoto wawili. Watu wa mbali wakiitaja Mbesa huwa wanaitaja kwa sababu ya hospitali ya misheni, ile ya Kanisa la Biblia, inayofuatwa kwa baiskeli na bodaboda na watu wa vijiji vya kuelekea Mto Ruvuma. Kwa hiyo nikilalamika kuhusu kifafa, wenzangu huniuliza: nyie wa Mbesa hospitali mnayo mlangoni, mnalia nini?

Ninalia kwa sababu kifafa si ugonjwa wa kwenda hospitali siku moja ukarudi umepona. Kinatibiwa kila usiku, kwa kidonge, miaka nenda miaka rudi. Hospitali kubwa inafaa kumpima mgonjwa, kumchagulia dawa na kumpokea akizidiwa. Lakini kidonge cha leo usiku kinatakiwa kitoke karibu na nyumbani, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kufika kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Mahali hapo ni zahanati ya kijiji, na minyororo yetu yote ya dawa ikikatika, hukatikia hapo.

Mdogo wangu anatunza madaftari yake ya matibabu ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Ni madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kama tunavyotumia wengi wetu kwenda nayo hospitali. Moja nimelisoma mara nyingi. Kila ukurasa una tarehe, muhuri wa zahanati moja ambayo sitaitaja, jina la dawa, na maelezo ya vidonge viwili kila usiku. Halafu inafika miezi ya mvua. Pembeni mwa jina la dawa kunaanza kuonekana herufi O na S zenye mkwaju katikati, alama ambayo kila mgonjwa wa nchi hii anaijua: dawa hakuna. Februari, O/S. Machi, O/S. Aprili mwandiko unabadilika, muhuri ni wa kwingine, na mstari wa kwanza unasema: mgonjwa ameungua mkono wa kulia.

Alikuwa anasonga ugali. Mafiga matatu, moto wa kuni, sufuria kubwa kwa sababu siku hiyo walikuwepo wageni. Alianguka ubavu, mkono ukaingia katikati ya mafiga na ukabaki humo. Leo kidole chake cha mwisho na cha pete vimeshikana kwa kovu, vimekunjwa kuelekea kiganjani, havinyooki. Msimu wa korosho ukifika anaokota kwa mkono wa kushoto, analishika bibo kwa ule ulioungua na kuinyonyoa korosho kwa mwingine. Ana kasi, ukimtazama kwa mbali hutagundua. Lakini kalamu hawezi kuishika, naye alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Kuhusu Aprili ile kuna jambo ambalo watu hawalijui, na hata mimi nililijua baadaye. Mtu anayetumia fenobabitoni, mojawapo ya dawa za kifafa, akiikosa ghafla harudi tu kwenye hali aliyokuwa nayo kabla ya kuianza. Ubongo uliozoea kutulizwa kila usiku ukinyang'anywa kitulizo kwa siku moja, mshtuko unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na unaweza kuja mfululizo, mgonjwa akaanguka tena kabla hajazinduka na anguko la kwanza. Hali hiyo inaua. Ndiyo maana daktari anayetaka kumwachisha mgonjwa dawa hizi huzipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Zahanati ikiandika O/S, inamwachisha kwa siku moja mtu ambaye hakuna daktari aliyesema aachishwe. Ukosefu wa Panadol unamwacha mtu na maumivu yake. Ukosefu wa dawa ya kifafa unamwongezea hatari mpya juu ya ile aliyokuwa nayo.

Nieleze kidogo ugonjwa wenyewe, maana mengi ya kijijini yanatokana na kutoujua. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kutoka chembe hai moja kwenda nyingine, kila moja kwa zamu. Kifafa ni pale kundi la chembe hizo linapofyatua umeme wake kwa pamoja, kama darasa la kwanza mwalimu akitoka nje. Mwili unakakamaa, unatikisika, mate yanatoka, pengine na mkojo. Dakika mbili tatu, halafu usingizi. Wengine hawaanguki kabisa, wanakodoa macho tu na kunyamaza, na sisi walimu tunawachapa kwa kutosikiliza. Sababu ni nyingi na kwetu zinajulikana: mtoto aliyekosa hewa kwa uchungu uliochelewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa la bodaboda. Huko kunakofugwa nguruwe wa kuzurura kuna mayai ya tegu yanayoingia mwilini na kujenga vifuko ndani ya ubongo. Kwa wazee ni kiharusi. Kwa wagonjwa wengi sababu haionekani kabisa, na dawa inafanya kazi vilevile.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Fenobabitoni ilianza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, na daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann. Hiyo ni miaka 6 tu baada ya Wajerumani haohao kuwanyonga mashujaa wa Maji Maji pale Songea. Zimekuja dawa nyingine baadaye, kabamazepini na wenzake, na daktari ana sababu za kuchagua hii au ile, hasa kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, kwani baadhi humdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini ile ya 1912 bado inaokoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu 8 kati ya kila 10 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Shirika hilohilo linasema hadi 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa ya mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima inaweza kugharimu chini ya dola 5 za Marekani. Hakuna ugonjwa mwingine ninaoufahamu wenye madhara makubwa kiasi hiki na tiba rahisi kiasi hiki.

Na hatuwezi kusema hatukujua, kwa sababu somo lilitolewa hapahapa nchini. Kaskazini yetu, ng'ambo ya pori la Selous, ipo Mahenge, wilaya ya Ulanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, aliyekuja kujulikana kwa jina la Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wakiishi peke yao vibandani, wana makovu ya moto mwili mzima. Alichokuwa nacho ni fenobabitoni na uvumilivu. Waliotumia dawa wakaanza kulima, wakaoa na kuolewa. Miaka 30 baadaye yeye na Dk. Rwiza, daktari wa Kitanzania, walichapisha hesabu ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa na kliniki ile. Ripoti ilitoka mwaka 1992. Theluthi mbili walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: mtu kuanguka mtoni, kuanguka motoni, kushikwa mfululizo bila kuzinduka.

Ni Mahenge hiyohiyo ambako Jilek-Aall aliona watoto wanaotikisa kichwa mbele na nyuma, hasa wakipewa chakula, kisha kudumaa na kuingia kwenye kifafa kamili. Miongo kadhaa baadaye watoto wa namna hiyo walionekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, dunia ikashtuka. Watafiti wameendelea kuona kwamba maeneo haya yanafanana kwa jambo moja: yana usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji yanayokwenda kasi. Mwaka 2018 ilichapishwa ripoti kuhusu Mahenge, miaka 20 baada ya ugawaji wa dawa ya usubi kuanza huko, na katika vijiji viwili, Mdindo na Msogezi, kifafa kilikuwa bado kinawapata zaidi ya watu 30 katika kila 1,000.

Ruvuma nayo ni mkoa wenye maeneo ya usubi. Wanaoishi huko wanawajua wagawa dawa, watu wa kijijini wenyewe, wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari na kijiti cha kupimia urefu, kwa sababu vidonge vya Mectizan, dawa ya usubi, hutolewa kwa kimo. Mgonjwa wa kifafa mara nyingi hatokei mbele ya kijiti hicho. Yuko chumba cha ndani. Naamini kazi hii inastahili kuongezwa juu ya ile iliyopo: mgawa dawa aulize kila nyumba kama kuna anayeanguka, aandike, apeleke orodha zahanati. Zahanati isiyojua ina wagonjwa wangapi itaagizaje dawa za kutosha? Inaagiza kwa kukisia, na kwa kuwa wagonjwa wanafichwa, inakisia kidogo.

Wapo watakaoniambia kwamba shida kubwa ni imani, na kwamba elimu itangulie. Imani zipo, sitazificha. Kijijini kwetu mtu akianguka, walio karibu wanakimbia. Wanaamini mate yake au hewa inayomtoka ikikugusa, kifafa kinahamia kwako. Siku mdogo wangu alipoungua, uani palikuwa na watu wazima wanne. Walipiga kelele. Aliyemtoa motoni ni mtoto wa miaka tisa, ambaye alikuwa hajaambiwa kwamba anatakiwa kuogopa.

Na si moto tu. Rika la mdogo wangu walipopelekwa unyagoni, yeye aliachwa nyumbani. Mjomba, ambaye kwetu Wayao ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alisema akianguka huko atawaharibia wenzake. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anawalinda wengine kwa kadiri ya alivyojua. Lakini msichana ambaye hakuchezwa anabaki mtoto machoni pa wanawake wenzake, hata akizaa. Mpaka leo kuna mazungumzo akifika yanakatwa.

Pamoja na hayo nasema dawa itangulie. Nimetoa mihadhara darasani, nimesimama kwenye mikutano ya wazazi, nimesema kifafa hakiambukizwi mpaka koo limekauka. Watu waliitikia kwa heshima, wakaondoka na imani yao. Kilichobadilisha mawazo mtaani kwetu ni mdogo wangu kupita mwaka mzima bila kuanguka, kwa sababu mwaka ule dawa haikukatika. Majirani walianza kuchota maji naye. Mmoja akamwachia mtoto wake amshikie. Mjomba mwenyewe alikuja kuuliza kidonge hicho kinaitwaje, maana kuna mtu wa ukoo wake huko Nalasi ana shida hiyohiyo. Hakuna aliyehubiriwa. Na dawa ilipokatika tena, hofu nayo ilirudi, safari hii na hoja mpya: mnaona, hata hospitali imeshindwa. Kila O/S inampa ushahidi yule anayesema kifafa si ugonjwa wa hospitali. Sigombani na waganga wa jadi, mgonjwa akitaka kwenda aende. Ninachomwomba mganga ni kimoja tu, asimkataze vidonge vya usiku.

Jambo jingine linalowaumiza wagonjwa ni mlango wanaopitia. Katika hospitali nyingi za serikali kliniki ya kifafa imewekwa kwenye kitengo cha afya ya akili. Wahudumu wa huko wanafanya kazi nzuri, na ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa, hauna aibu. Lakini kijana aliyepanga foleni pale anaonekana na watu wa kijiji chake, na akirudi nyumbani habari imeshatangulia kwamba ana kichaa. Wengine hawarudi kuchukua dawa kwa sababu hiyo tu. Mgonjwa aliyeshapimwa na kutulia achukulie dawa zake dirisha lilelile la mgonjwa wa presha na kisukari. Haigharimu kitu.

Tuna mfano wa kuiga ndani ya zahanati zilezile. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, akiwa ametulia, anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, bure, jina lake liko kwenye rejesta, na asipotokea siku yake anatafutwa. Tulifika hapo kwa sababu nchi iliamua kwamba dawa hizo hazikatiki, na wafadhili wakaunga mkono uamuzi huo. Kifafa hakina wafadhili wa kiwango hicho. Lakini vidonge vyake ni vya bei ndogo kuliko dawa nyingi zilizoko kwenye rafu hizohizo, na mgonjwa anayevihitaji ni wa kila siku, anajulikana, mahitaji yake ya mwezi ujao hayana siri. Kama kuna dawa ambayo ni rahisi kuikadiria mapema, ni hii.

Nimeelezwa kwamba fenobabitoni inachelewa kwa kuwa ni dawa ya kudhibitiwa. Ni kweli, imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaohusu dawa zinazoathiri akili, na kuiingiza nchini kunahitaji vibali. Nakubali idhibitiwe. Ila karatasi za vibali zinajulikana, muda wake unajulikana, na mvua ya masika inayokata barabara zetu za vumbi nayo inajulikana. Bohari ya Dawa ikikosa, zahanati ina utaratibu wa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa, kwa fedha zake yenyewe. Utaratibu huo upo kwa ajili ya hali kama hii. Kamati za usimamizi wa zahanati, ambazo zina wajumbe wa kuchaguliwa kutoka vijijini mwetu, zina haki ya kuuliza kwa nini haukutumika. Nimehudhuria vikao hivyo. Tunajadili uzio, tunajadili choo cha wahudumu, dawa ya kifafa sijawahi kusikia ikitajwa isipokuwa nilipoitaja mimi.

Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa miaka 10 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya ubongo na mishipa ya fahamu. Zilikubaliana kuongeza huduma za kifafa kwa nusu zaidi ya ilivyokuwa mwaka 2021, ifikapo 2031. Tanzania ni mwanachama. Mimi sihitaji mpango mkubwa zaidi ya huo. Nahitaji kopo lililojaa kwenye rafu ya zahanati mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, wakati fedha za korosho zimeshaisha mifukoni na hakuna anayeweza kupanda gari kwenda Tunduru mjini kununua duka la dawa.

Kwa wale wanaoweza kumkuta mtu ameanguka leo, naomba mkumbuke haya. Kifafa hakiambukizwi, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa hewa. Mwondoe karibu na moto, maji na vitu vyenye ncha. Mlaze ubavu, mwekee nguo chini ya kichwa, legeza alichofunga shingoni. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kiberiti, usimkandamize. Tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri mara moja.

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usisubiri kidonge cha mwisho. Nenda zahanati vikiwa vimebaki vya wiki mbili, ili wakikosa upate muda wa kutafuta kwingine. Wakikuandikia O/S, uliza dawa imeagizwa lini na inatarajiwa lini, jibu liandikwe kwenye daftari. Kisha mpelekee daftari hilo mwenyekiti wa kamati ya zahanati, au diwani wako, na ukae naye mpaka alisome.